Namba Ambayo Sikuiloweka

Mnanicheka, najua. Mkinipita hapa kibarazani nikiota jua mnaambiana, yule ndiye shosh, yule bibi kizee aliyekuwa akiuza namba za simu, na mnacheka kana kwamba nilikuwa nauza upepo kwa chupa. Chekeni tu. Nyinyi mnaonunua picha za nyani kwenye mtandao, picha ambazo hata ukutani haziwezi kutundikwa, mna mdomo wa kunicheka mimi? Nilisomesha watoto watatu kwa hizo sifuri na saba, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa nyumbani kwa karo.

Kazi yenyewe, kwa nyinyi mliozaliwa juzi, ilikuwa hivi. Kampuni za simu hutoa laini kwa maelfu, na karibu zote zina namba za ovyo, tarakimu zimemwagika kama mchele. Lakini ndani ya lile rundo kuna moja moja inayokaa mdomoni. Labda inaishia na saba nne, labda inapanda ngazi moja mbili tatu, labda inajirudia. Hiyo ndiyo mali. Nilikuwa naingia kwa wauzaji wa jumla kule barabara ya Luthuli, jijini Nairobi, asubuhi mapema, napekua pakiti za laini moja baada ya nyingine nikisoma namba zilizoandikwa mgongoni, na nikiipata nzuri nakunja uso kama niliyeona mende, ili mwenye duka asishtuke akapandisha bei. Halafu naitafutia mwenyewe: mtu wa teksi, mtu wa gesi, mtu wa duka la dawa, yeyote anayetaka mteja aikumbuke namba yake hata akiwa hana kalamu.

Na msidhani namba huchaguliwa kwa macho. Namba inaweza kupendeza kwa macho na mdomoni ikawa takataka. Pale chini mjini kulikuwa na mama muuza chai. Namtajia namba mara moja tu, tunaongea habari za bei ya sukari, namwacha ahudumie watu watatu, kisha namwuliza. Akiitaja bila kukuna kichwa, naibeba. Akisema "ngoja kidogo," naiacha hata kama ina sifuri tano.

Kuhusu wateja, Mungu anisamehe, lakini sijaona wajinga waliovaa vizuri kama wenye biashara wa Nairobi. Kuna mmoja alifungua kliniki ya mbwa kule Muthangari. Nikamuuzia namba safi, ile ya mtu kuisikia redioni akiwa bafuni na bado akatoka nayo. Mwezi mmoja baadaye nikaipiga, imezimwa. Nikaenda mwenyewe nikaikuta simu ndani ya droo. Nikamwuliza kulikoni. Akaniambia, uso mkavu kabisa, "Ilikuwa inapigwa sana, Mama Kioko, inatusumbua kazi." Mwingine alikuwa na hoteli ya nyama choma. Fundi wake wa kuchora mabango aliishiwa na nafasi ukutani akaacha sifuri moja nje, na mwenye hoteli akanipigia kunitukana kwamba namba niliyompa ni mbovu. Nilimwambia ahesabu. Alihesabu mara mbili kabla hajanyamaza.

Hao ndio watu waliokuwa wananiita mimi mjinga.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Maalim Abdalla, mzee wa Kipwani aliyekuwa na duka la makava ya simu karibu na msikiti, chini mjini. Asubuhi anauza, alasiri anasomesha watoto Kurani kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa na Kiswahili kilichonyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo mbele yake. Nilimpelekea laini niliyoipata, nikijisifu, na bado imo ndani ya plastiki yake.

"Hii namba ni mpya au ina wenyewe?" akaniuliza.

"Mpya, Maalim. Si unaona pakiti haijafunguliwa?"

"Pakiti ni mpya, mwanangu. Mimi nimekuuliza namba."

Ndipo akanieleza jambo ambalo nyinyi wenye simu mbili mbili bado hamlijui. Laini ikilala miezi mingi bila kutumiwa, kampuni huizima, na ile namba hurudishwa sokoni ndani ya pakiti mpya. Plastiki inang'aa, lakini namba imeshawahi kuwa ya mtu. Na huyo mtu ana mke, ana madeni, ana maadui, ana wateja. Wote watakupigia wewe.

"Maharage huyaloweki kabla ya kuyapika?" akasema. "Basi na namba iloweke. Itie kwenye simu kuukuu, iache wazi wiki tatu, pokea kila anayepiga, uwasikilize. Ukiona imetulia, ndipo uiuze."

Nilifanya hivyo miaka yote. Nyumbani nilikuwa na kabambe tano, zile simu ndogo za vitufe, zimepangwa kwenye kabati la vyombo, kila moja na namba yake inayolowa, na watoto wangu walikatazwa kuzigusa. Mtasema ni ushamba. Namba moja nzuri ajabu niliiloweka nikiwa nimeshaahidi kuipa shule ya chekechea. Siku ya pili akapiga mwanamume anauliza kama mbuzi awe mweusi mtupu au anaweza kuwa na doa. Namba ilikuwa ya mganga, na wateja wake walikuwa waaminifu kuliko waumini wa kanisa lolote ninalolijua. Sikuiuza ile laini mpaka leo. Hebu fikirini yule mwalimu wa chekechea akipokea simu hiyo mbele ya wazazi.

Sasa niwaambie ya Denis, maana ndiyo iliyonitoa kazini.

Denis alifungua dobi kule Kileleshwa, katikati ya yale maghorofa ambayo watu hawana hata pa kuanika soksi. Kijana wa suruali za kubana, anaongea kama tangazo. Alinipata siku moja saa tano asubuhi nikiwa na namba niliyoinunua jana yake, nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Sitaitaja. Ilikuwa inaimbika.

"Naitaka hiyo leo," akasema. "Fundi wa bango ako kwa ngazi anangoja."

"Ngoja wiki tatu."

"Mathe, wiki tatu nitakuwa nimefunga. Kama hutaki, nachukua kwa mtu mwingine."

Nilimdharau, wallahi kama angesema Maalim, nilimdharau kutoka viatu mpaka nywele. Na bado nilimpa. Sikuwa na shida ya pesa siku hiyo, msije mkanitetea. Nilimpa kwa sababu yule mtu mwingine aliyemtaja nilimjua, alikuwa mshindani wangu, na sikutaka Denis aende kumwambia kwamba Mama Kioko amezeeka, anaogopa laini. Kiburi tu. Nikamwambia apitie siku yoyote twende duka la kampuni ya simu tubadilishe laini iwe kwa jina lake, kwa kuwa bado ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho changu. Akasema sawa sawa. Bila shaka hakuja, foleni ni ya watu wadogo.

Baada ya miezi miwili hivi akanipigia.

"Mama Kioko, hii namba yako iko na mtu ndani."

"Mtu gani?"

"Msichana. Anapiga Ijumaa, anaongea Kikamba, analia. Mimi nilidhani ni wale matapeli wa kulia lia ndio utume pesa. Nimeambia Faith wa kaunta akipiga akate."

"Amekata mara ngapi?"

"Sijui. Kila Ijumaa. Si nakuambia ni matapeli."

Mimi ni Mkamba. Nikamwambia Ijumaa nitakuja mwenyewe. Ijumaa iliyofuata nilikuwa kwenye dobi ya Denis tangu saa sita, nimeketi kwenye stuli kati ya mapazia ya watu, mvuke wa pasi unaniingia machoni. Faith, binti mpole aliyekuwa anafanya tu alichoambiwa, akaniwekea simu mapajani. Ikalia, mtu wa zulia. Ikalia, mtu wa suti ya harusi. Kwenye saa kumi ikalia tena, na kwenye skrini hapakuwa na namba, paliandikwa tu kwamba haijulikani.

"Mwaitu?" sauti ikasema. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

Nikamjibu kwa Kikamba, mimi si mama yako lakini tafadhali usikate. Akauliza taratibu, "Amekufa?"

"Nani?"

"Mama. Simu yake haijawahi kushikwa na mtu mwingine. Siku hizi anapokea mtu anasema ni dobi, halafu anakata. Kama amekufa niambieni tu. Mimi nitavumilia."

Nilimwambia hajafa, na sikuwa najua kama hajafa. Nikamwuliza upesi mama yake anakaa wapi. Akaniambia Mutuini, niulize Mama Mwende wa mayai, ploti ya mwisho kabla ya mto. Akasema yeye ndiye Mwende, yuko Ghuba anafanya kazi ya nyumba, tajiri wake alimchukulia simu na kila kilichokuwa ndani, namba anayoijua kwa kichwa ni hii moja tu, na huazima simu ya dereva siku ya Ijumaa watu wa nyumba wakienda kwa wazee wao. Nilikuwa namwuliza namba ya huyo dereva ndipo ikakatika.

Niliondoka pale nikaenda moja kwa moja mjini kwa Maalim. Alikuwa anapanga makava rafuni. Nikamweleza yote.

"Uliiloweka?" akaniuliza.

"Sikuiloweka."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Na hujaenda Mutuini bado. Umekuja kwangu kufanya nini?" Akanigeuzia mgongo akaendelea na makava yake.

Kesho yake nikapanda boda boda mpaka Mutuini, pembezoni mwa Nairobi. Ploti ya mwisho kabla ya mto ilikuwa na vyumba vinne vya kupangisha, na mbele kulikuwa na mama wa makamo anapangusa mayai kwa kitambaa. Nikamsalimu kikwetu, akanikaribisha ndani kabla hata sijasema nimeleta nini. Ukutani kando ya dirisha, kwenye msumari, ilining'inia kabambe ndogo imefungwa kamba, kioo chake kinametameta kwa kupanguswa.

"Hiyo ni ya nani?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Ya Mwende," akasema. "Mwanangu. Yuko nje. Hiyo ni ya kupokea yeye peke yake. Hapo dirishani ndipo mtandao unashika."

Akanieleza. Kabla Mwende hajasafiri walichagua laini yenye namba nyepesi, wakaiimba pamoja wiki nzima mpaka wote wawili wakaishika. Kwa majirani na wateja wa mayai mama alikuwa na laini nyingine. Hii hakuwahi kumpa mtu yeyote. Hakuwahi kupiga nayo hata siku moja, wala kutuma ujumbe, wala kuruhusu mtu aipigie kuijaribu. Aliogopa mtoto wake asije akapata nafasi ya dakika mbili huko aliko, akapiga, akakuta laini ina shughuli.

"Siku hizi hailii," akasema. "Nimeipeleka kwa fundi mara tatu. Amebadilisha betri. Amebadilisha mdomo wa chaja. Anasema simu ni nzima."

Simu ilikuwa nzima kweli. Laini ndiyo iliyokuwa imekufa. Msichana alinyang'anywa simu, akakaa miezi mingi bila kupata ya kuazima, mama naye hakuigusa ya kwake, na kampuni ikaona hapa hakuna mtu. Ile namba ikaoshwa, ikatiwa kwenye plastiki, ikanifikia mimi Luthuli nikiwa nimekunja uso wangu wa mende. Mama wa watu alikuwa ameilinda kwa mapenzi mpaka ikatoka mikononi mwake.

Nilimwambia ukweli wote. Ningeweza kumdanganya, nilikuwa na uongo mzuri nimeuandaa njiani. Lakini alikuwa ameshika yai na kitambaa, ananitazama, na uongo wangu nikauona mchafu.

"Kwa hivyo ni wewe uliiuza," akasema.

"Ni mimi."

Akaliweka yai kwenye trei. Nilingoja matusi, na nilikuwa nayastahili.

"Sauti yake iko aje?"

"Iko sawa. Anaongea haraka haraka."

"Basi ni yeye," akasema, na hapo ndipo alipokaa chini akalia.

Denis alikuwa kama nilivyomtarajia. Nilipomwambia nataka kumleta mama wa watu aketi kaunta kila Ijumaa apokee simu, alinionyesha gari lake lililochorwa namba ubavuni, akanionyesha ukuta, akanionyesha kadi. "Mathe, hapa ni biashara. Hii si waiting room."

"Hiyo laini imesajiliwa kwa jina la nani?" nikamwuliza.

Akafikiri. Ungemwona akifikiri, ilikuwa kazi ngumu. Kesho yake tu ningeweza kuingia duka la kampuni na kitambulisho changu, nikaichukua, na yeye akabaki na gari la rangi nzuri linalotangaza namba yangu. Akaenda mwenyewe kuleta kiti, na kilikuwa kiti chenye mto.

Nilitaka kumfanyia Mama Mwende jema lingine. Katika kabati langu nilikuwa na namba moja iliyokwisha lowa vizuri, inaishia na saba nyingi, na nilikuwa nimekataa kuiuza kwa mwenye mashua za kupaa za watalii, au sijui ni baluni zile. Nikampelekea bure, ampe mtoto. Aliishika, akaitazama, akanirudishia.

"Hii inapendwa na watu," akasema. "Wataichukua tena."

Akaenda kibandani hapo hapo Mutuini akanunua laini ya kwanza aliyopewa. Nilipoiona ile namba nilishika kichwa. Tarakimu hazina uhusiano wowote, hakuna hata mbili zinazofuatana, ni kama zilichaguliwa na kuku. Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kuinua kutoka kwenye rundo namba mbaya namna ile. Nikamwambia, Mama Mwende, mtoto hawezi kuishika hii kwa dakika moja ya simu ya kuazima. Akaitia mfukoni.

Ijumaa ya kwanza Mwende hakupiga. Mama alikaa na begi lake magotini kutoka saa saba mpaka Faith akafunga. Ijumaa ya pili hakupiga. Mama hakuweza kukaa bure, akaanza kukunja mashati ya watu, na aliyakunja vizuri kuliko wafanyakazi wa Denis. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba yule binti aliposikia sauti yangu alidhani ni jirani anayemficha msiba, na kwamba hatapiga tena. Nilikosa usingizi wiki nzima. Nilijiuliza ni wangapi wengine, katika zile namba nilizoloweka wiki tatu nikajisifu, walipiga wiki ya nne.

Ijumaa ya tatu, saa kumi na robo, simu ikalia na skrini ikasema haijulikani. Faith akamkabidhi bila kuipokea. Mama akabonyeza, akaweka sauti ya nje kwa bahati mbaya, tukasikia wote.

"Mwaitu?"

"Ni mimi, Mwende. Ni mimi mwenyewe."

Sitawasimulia kilio. Denis alitoka nje akajifanya anakagua gari. Kisha binti akasema dereva anamwonyesha saa, na mama akafuta uso kwa kanga, akasema, sikiliza, hii namba si yetu tena, shika nyingine. Akaisoma ile namba ya ovyo mara moja, kwa Kikamba, tarakimu moja moja, polepole.

Mwende akairudia yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukosea. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na sikuwa nimeshika hata nusu yake.